Besi Iliyozimwa: Albamu ya Metallica ya Mwaka 1988 Inaposikilizwa Upya

Albamu ya nne ya Metallica, bendi ya hevi metali ya Marekani, yenye jina ...And Justice for All (Na Haki kwa Wote), niliijua kwanza kupitia kanda ya dakika 60 iliyokuwa imenakiliwa kutoka kanda nyingine. Albamu yenyewe ina nyimbo tisa zenye urefu wa zaidi ya dakika 65, kwa hiyo aliyenakili alilazimika kukubali hasara: upande wa kwanza ulikatika wimbo wa One ukiwa unakaribia mwisho wake, na upande wa pili ulikwisha kabla wimbo wa tisa, Dyers Eve, haujaanza. Kwa miaka mingi niliamini kwamba albamu hii ina nyimbo nane na kwamba inafungwa na ule wimbo mrefu wa maombolezo, To Live Is to Die. Nilipokuja kupata diski yake ndipo nilipogundua upungufu huo, na siku hiyohiyo nikagundua upungufu wa pili ambao ni mzito zaidi. Redio kaseti yangu ya ujanani ilikuwa na spika moja ndogo isiyoweza kutoa sauti nzito ya aina yoyote, hivyo nilikuwa nimedhani kwamba gita la besi lilikuwamo ndani ya muziki na kwamba redio ndiyo iliyolimeza. Niliposikiliza kwa spika kubwa nilisubiri ngurumo ile ije, nayo haikuja. Redio haikuwa na kosa lolote.

Takriban miongo minne imepita tangu albamu hiyo itoke, nami nimerudi kuisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, kwa visikizio na kwa spika, nikiwa na swali moja: besi ya Jason Newsted, mpiga besi wao wa wakati huo, ilipotelea wapi, na kupotea kwake kunatueleza nini kuhusu kazi hii ambayo jina lake lote linahusu haki? Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi, ambamo gita la besi ndilo linalomwambia mchezaji aweke mguu wapi, atashangaa kwamba bendi kubwa kiasi hiki iliweza kutoa albamu nzima bila chombo hicho kusikika. Mshangao huo ni halali, na wapenzi wa hevi metali duniani kote wanao.

Kisa kinaanzia Sweden. Asubuhi ya tarehe 27 Septemba 1986 basi lililokuwa limewabeba Metallica katika ziara lilipinduka karibu na mji wa Ljungby, na mpiga besi wao Cliff Burton akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Burton hakuwa mpiga besi wa kawaida. Alipiga kwa vidole, alipenda kuliacha gita la rithimu liende zake huku yeye akitafuta njia nyingine, na katika albamu tatu za kwanza za bendi hiyo besi yake ilikuwa sauti kamili yenye hoja zake. Mwezi mmoja tu baada ya msiba, wenzake watatu, yaani mwimbaji na mpiga gita James Hetfield, mpiga drams Lars Ulrich na mpiga solo Kirk Hammett, walimchukua Newsted kutoka bendi ya Flotsam and Jetsam, wakarudi jukwaani mwezi Novemba mwaka huohuo. Hawakujipa muda wa kuomboleza. Hetfield na Ulrich wamekiri hadharani katika miaka ya baadaye kwamba huzuni waliyoifungia ndani ilimwangukia yule mgeni, aliyekuwa shabiki mkubwa wa bendi kabla ya kuwa mwanachama wake, na aliyepokewa kwa dhihaka na mizaha ya kumdunisha ambayo haikukoma baada ya wiki za kwanza, ingawa kawaida ya mapokezi ya mgeni ni ikome hapo.

Albamu ilirekodiwa Los Angeles, katika studio ya One on One, kuanzia Januari hadi Mei 1988. Mtayarishaji wa kwanza, Mike Clink, hakudumu, na bendi ikamwita Flemming Rasmussen kutoka Denmark, ambaye alikuwa amewatengenezea Ride the Lightning ya mwaka 1984 na Master of Puppets ya mwaka 1986. Magita na drams vilifanyiwa kazi kwa uangalifu wa kupindukia, Ulrich akirudia sehemu zake mara nyingi na kanda zikikatwa na kuunganishwa hadi kila pigo likae mahali pake. Besi haikupewa heshima hiyo. Newsted amesimulia kwamba aliingia studio na vifaa vyake vya jukwaani, bila Hetfield, bila Ulrich na bila mtayarishaji, akiwa na fundi msaidizi Toby Wright peke yake, akarekodi nyimbo kadhaa kwa siku moja na kuondoka. Hakukuwa na mkubwa wa kumwambia kwamba hapa afuate gita na pale aachane nalo, kwa hiyo alifanya ambalo kijana yeyote mwenye bidii na hofu angelifanya: alifuata gita la Hetfield noti kwa noti, kwa kipigio badala ya vidole, kwa usahihi mkubwa.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu wengi wanaokisimulia kisa hiki huanzia kwenye hatua ya kuchanganya sauti, yaani kupanga kila chombo kisikike kwa kiasi gani, kana kwamba dhuluma yote ilifanyika pale. Mtu aliyeachwa peke yake chumbani arekodi sehemu zake kama anayetimiza wajibu wa ofisini alikuwa ameshaondolewa katika mazungumzo ya bendi kabla hata fundi mitambo mwingine hajagusa kidhibiti cha sauti yake. Katika nyimbo tisa, jina la Newsted limo miongoni mwa watunzi wa wimbo mmoja tu, Blackened.

Kanda zilipokamilika zilipelekwa jimbo la New York, katika studio za Bearsville, ambako Steve Thompson na Michael Barbiero walipewa kazi ya kuchanganya sauti. Wakati huohuo Metallica walikuwa wanazunguka Marekani katika ziara ya Monsters of Rock pamoja na Van Halen, Scorpions, Dokken na Kingdom Come, hivyo Hetfield na Ulrich walikuwa wakija studio kati ya onyesho moja na jingine. Kwa masimulizi ya Thompson, yeye alikuwa ameshatayarisha mchanganyo wenye besi ya kutosha, lakini Ulrich alifika na vipimo vyake mwenyewe vya sauti ya drams, kisha akaagiza besi ishushwe hadi isikike kwa taabu, na ilipofika hapo akaagiza ishushwe tena. Thompson anasema alipinga na hakusikilizwa. Rasmussen naye, ambaye ni miongoni mwa watu wachache waliozisikia kanda za besi zikiwa peke yake, ameeleza mara nyingi kwamba upigaji wa Newsted ulikuwa bora sana na kwamba uamuzi wa kuuzamisha haukuwa wake.

Tunaweza kuyapima maelezo haya bila kumtegemea shahidi yeyote. Kama tatizo lingekuwa mpigaji, basi lingesikika pia katika rekodi ndogo ya nyimbo za wengine ambayo Metallica waliitoa mwaka 1987 ili kumtambulisha Newsted, lakini humo besi yake inasikika wazi, nene na yenye furaha. Kama tatizo lingekuwa mafundi wa Bearsville, basi Appetite for Destruction ya Guns N' Roses, waliyoichanganya watu haohao wawili mwaka mmoja kabla, isingekuwa na besi ile ya Duff McKagan inayotembea mbele ya magita. Kama lingekuwa la Rasmussen, basi Master of Puppets ingekuwa na upungufu kama huu. Ukiwaondoa wote hao wanabaki watu wawili waliokuwa na mamlaka ya mwisho, nao ni Hetfield na Ulrich.

Hata hivyo kujua ni nani aliyeamua hakutuambii kwa nini aliamua, na hapa sababu ni zaidi ya moja. Hetfield ameeleza kwamba masikio yao yalikuwa yamechoka kwa kelele za jukwaani, na mtu ambaye masikio yake yamechoka hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, kwa hiyo huzidi kuongeza trebo akidhani haitoshi. Ulrich ameeleza kwamba yeye na Hetfield walikuwa wameshikwa na hamu ya kupata sauti kavu na ya karibu, ambamo gita la rithimu na drams vinagongana uso kwa uso, na kila kilichoingia katikati yao kilionekana ni kizuizi. Zote mbili naziamini. Sauti ya albamu yenyewe inazithibitisha: hakuna mwangwi, ngoma kubwa ya mguu inalia kama mashine ya kupiga chapa, na magita yamepandishwa besi na trebo huku sauti za kati zikiwa zimekatwa.

Na hapo ndipo fizikia inapowasaidia watu hawa wawili kumfuta wa tatu. Uzi mzito kuliko yote wa gita la besi la nyuzi nne hutoa mitetemo takriban 41 kwa sekunde, na ule wa gita la kawaida hutoa takriban 82, yaani oktavo moja juu. Hetfield alikuwa akizizima nyuzi kwa ubavu wa kiganja, akirudia kurekodi sehemu ileile na kuitandaza kulia na kushoto, na kwa kupandisha sauti za chini za gita lake alikuwa ameshaingia katika eneo ambalo kwa kawaida huachiwa besi. Sauti mbili zinazopiga noti zilezile, kwa wakati uleule, zikigombania eneo moja, hazihesabiki kuwa mbili masikioni. Ile kubwa huifunika ndogo. Kwa hiyo besi ya Newsted ilihitaji kusogezwa kwa makusudi ili isikike, na badala yake ikasogezwa upande wa pili. Kama angekuwa anapiga njia yake mwenyewe, kama alivyokuwa akifanya Burton, hata sauti ndogo ingepenya kwenye mianya. Kumwacha peke yake bila mwongozo kulimfanya awe rahisi kufutika.

Siamini, pamoja na hayo, kwamba masikio yaliyochoka na tamaa ya ukavu vinatosha kueleza kila kitu. Mtu mwenye masikio yaliyochoka huongeza trebo. Haagizi chombo kimoja kishushwe mara mbili wakati fundi anapinga. Wala siamini ile hadithi nyepesi kwamba ulikuwa mzaha mmoja mkubwa wa kumtesa mgeni, kwa sababu hakuna bendi inayoharibu kazi ya miezi mitano kwa ajili ya mzaha. Ninachokisikia ni watu waliokuwa wamezoea nafasi ile iwe ya rafiki yao, na ambao hawakuweza kuvumilia kusikia mtu mwingine akiijaza. Siwezi kuthibitisha hili kwa kipimo chochote, lakini albamu inanipa sababu ya kulisema, na sababu hiyo imo katika wimbo wa nane.

To Live Is to Die umejengwa juu ya vipande vya muziki alivyoviacha Burton, na jina lake limo miongoni mwa watunzi. Ni wimbo wa karibu dakika kumi usio na uimbaji, isipokuwa maneno machache ambayo Hetfield anayatamka kwa sauti ya chini kuelekea mwishoni. Katikati yake magita mazito yananyamaza, gita laini linaingia, na linafuatwa na solo ambayo kila nikiisikia najua kwamba wanaopiga wanalia kwa namna pekee waliyoijua. Huu ndio wimbo wa kumuaga mpiga besi, na besi iliyomo ndani yake imezamishwa kama ilivyozamishwa kwingine kote. Nimeusikiliza wimbo huu mara nyingi kuliko wowote katika albamu hii, na kila mara ukimya ule wa chini unanigusa kwa namna mbili zinazopingana: unafanana na kiti kilichoachwa wazi kwa heshima ya marehemu, na wakati huohuo kuna mtu aliyeketi kwenye kiti hicho ambaye wenzake wanakataa kumwona.

Sasa tuangalie yanayosemwa na nyimbo zenyewe. Jina la albamu ni maneno ya mwisho ya kiapo cha uaminifu kwa bendera ya Marekani, yanayoahidi haki kwa wote, na picha ya jaladani inaonyesha sanamu ya mwanamke wa haki aliyefumbwa macho, amefungwa kamba na anavutwa aanguke huku mizani yake ikijaa noti za dola. Wimbo unaobeba jina la albamu unasema kwamba ukweli hununuliwa. Eye of the Beholder unahoji uhuru wa kusema. The Shortest Straw unahusu watu walioorodheshwa na kunyimwa kazi kwa tuhuma za kisiasa katika Marekani ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na One umechukua kisa chake kutoka riwaya ya mwaka 1939 ya Dalton Trumbo, inayomhusu askari aliyepoteza miguu, mikono, macho, masikio na mdomo, akabaki na akili timamu iliyofungiwa ndani ya mwili usioweza kumwambia mtu lolote. Trumbo mwenyewe alikuja kuwa miongoni mwa waandishi wa filamu walioorodheshwa na kufungwa jela. Sijui kama bendi iliyapanga mambo hayo mawili yakutane, lakini yanakutana, na yanaipa albamu uti wa mgongo ambao wengi hawauoni kwa sababu wameshughulishwa na kasi ya magita.

Sitaki kuweka gita la besi kwenye mizani moja na watu waliofungwa jela au askari aliyeharibiwa na vita. Hayo si mambo ya uzito mmoja. Lakini One ni wimbo wa mtu aliyemo chumbani, aliye hai, anayetoa ishara ambazo walio karibu naye hawazipokei, na ni vigumu kuusikiliza kwa makini, ukijua yaliyotokea studio, bila kumkumbuka kijana ambaye vidole vyake vinafanya kazi ndani ya wimbo ule na ambaye hakuna anayemsikia. Bendi iliweza kuiimba hali hiyo kwa ustadi mkubwa bila kuitambua iliyokuwa karibu yake.

Mafanikio yalifunga mjadala mapema. Albamu ilifika nafasi ya 6 katika chati ya Marekani, ikauza huko nakala zinazozidi milioni 8 kwa miaka iliyofuata, na One ukaleta tuzo ya Grammy mwaka 1990. Newsted, ambaye amesema alivunjika moyo vibaya aliposikia mchanganyo wa mwisho, aliendelea na kazi. Katika albamu iliyofuata ya mwaka 1991 mtayarishaji Bob Rock aliirudisha besi mahali pake, na katika wimbo wa My Friend of Misery ni besi ya Newsted inayofungua mlango, ikiwa peke yake. Aliondoka katika bendi mwezi Januari 2001.

Wasikilizaji nao hawakukubali kukaa kimya. Michezo ya video ya muziki ilipoanza kutumia nyimbo za Metallica, sauti za vyombo zilitolewa zikiwa zimetenganishwa, na mashabiki wakachukua sehemu za besi na kuzirudisha ndani ya nyimbo. Nimesikiliza kazi hizo kwa muda mrefu, nami nitatoa hukumu yangu bila kuficha. Wimbo wa jina la albamu unafaidika sana: ule mwendo wake wa kusimama na kuanza, ambao katika toleo la mwaka 1988 unasikika kama sanduku tupu linalogongwa, unapata sakafu. Blackened unapata uzito wa kutisha. Lakini Dyers Eve, wimbo wa kasi kuliko zote humu, ambamo Hetfield anawashitaki wazazi kwa malezi yaliyomfungia nje ya dunia, unapoteza kitu. Ukali wake ulitegemea ukavu, na besi inaponyanyuliwa maneno yale yanakuwa kama yanayosemwa nyuma ya pazia. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba Hetfield na Ulrich walikosea kwa kila sikio na kwa kila wimbo. Ukavu ule umekuwa mfano kwa bendi nyingi za metali zilizofuata, na sehemu ya nguvu ya albamu hii inatoka humo.

Tarehe 2 Novemba 2018, miaka 30 baadaye, bendi ilitoa toleo jipya lililosafishwa sauti, pamoja na sanduku kubwa lenye rekodi za majaribio, michanganyo ya awali na maonyesho ya jukwaani. Mchanganyo wa albamu yenyewe haukuguswa. Hetfield ameeleza msimamo wake: rekodi hizi ni picha za wakati wake na ni sehemu ya historia yao, na ingawa anakubali kwamba albamu hii ingefaa kuwa na sauti nzito zaidi chini, haoni kwamba ni sahihi kuibadilisha.

Nusu ya hoja hiyo naiunga mkono kabisa. Albamu iliyosikilizwa na mamilioni kwa miaka 30 haiwi tena mali ya watengenezaji peke yao kiasi cha kuifuta na kuweka nyingine mahali pake. Toleo la mwaka 1988 lazima libaki kama lilivyo, pamoja na jeraha lake, ili anayetaka kujua yaliyotokea aweze kuyasikia. Nusu ya pili ndiyo inayonishinda. Sanduku lililokuwa na nafasi ya majaribio na ya maonyesho mengi lilikuwa na nafasi ya mchanganyo mmoja zaidi, uliofanywa kutoka kanda za awali, uliowekwa kando ya ule wa zamani bila kuuondoa. Hoja ya kulinda historia haizuii jambo hilo, kwa sababu besi ile nayo ni historia. Ilipigwa mwaka 1988, katika studio ileile, ikanaswa kwenye kanda, na mtayarishaji aliyezisikia kanda hizo ameisifu.

Thompson amesimulia kwamba mwaka 2009, Metallica walipoingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa roki huko Cleveland, Ulrich alimkuta na kumuuliza kilichoipata besi ya albamu ile. Newsted alikuwapo katika hafla hiyo, akapanda jukwaani akapiga pamoja nao na pamoja na Robert Trujillo, aliyeirithi nafasi yake mwaka 2003. Kwa dakika chache walikuwa na wapiga besi wawili. Mchanganyo ninaoutaka mimi unahitaji Newsted na Rasmussen waketi pamoja mbele ya mitambo, na idhini ya wale wawili waliotoa agizo la kushusha.